Siku Zaituni Alipomkojolea Balozi

Siku hiyo uani tulikuwa mimi Tatu, mama mkwe wangu Bi Mwanahawa, mpangaji wa chumba cha pili Mama Fidelisi (Mngoni wa Songea, hana simile na mtu), balozi wetu wa nyumba kumi Mzee Mbonde, mwanangu Zaituni wa miezi kumi, na wapangaji wengine wa nyumba ile ya Kariakoo, nyuma ya soko, na aibu niliyoipata mbele yao mpaka leo nikiikumbuka najifunika khanga usoni, ingawa humo ndani nacheka.

Zaituni alianza na mafua, kikohozi kikafuata, siku ya tatu akaanza kuharisha maji matupu. Bi Mwanahawa akapiga marufuku maji. "Mtoto anaharisha maji nawe umwongeze maji? Liache tumbo likauke!" Nikatii (mkwe huyo, utambishia vipi?) mpaka mtoto akawa analia bila machozi, macho yameingia ndani, ndipo nikambeba nikasema naenda sokoni, kumbe naenda kliniki. Nesi, Sista Leokadia, akamfinya ngozi ya tumbo, akanigombeza weee.

"Ni virusi hivi vya mafua na kuharisha, watoto wengi wanavyo, na sindano haiviui. Kitakachomwua ni ukavu. Mnyonyeshe, umpe maji yaliyochemka yenye sukari na chumvi," (akanionyesha na vipimo) "kijiko kijiko. Asipokojoa mpaka alasiri, mrudishe mbio atundikiwe dripu."

Ningemwambia mkwe yakaisha. Mimi nikaamua kuficha. Sukari enzi zile ya kutafuta, unapanga jiwe likushikie nafasi kwenye foleni ya duka la ushirika tangu alfajiri, basi Mama Fidelisi akanigawia yake kwenye karatasi. Nikajifungia chumbani nikamnywesha Zaituni, sukari iliyobaki nikaifutika kiunoni.

Alasiri Mzee Mbonde akaitisha mkutano wa kuwasaka walanguzi wanaoficha bidhaa, anaita majina, kila mtu anasimama. "Ndugu Tatu!" Nikasimama na mtoto wangu, khanga ikalegea, karatasi ikapasuka, sukari ikamwagika miguuni pa balozi.

"Ehe! Mlanguzi si huyu hapa!"

Nikamtupia balozi mtoto amshike (mikono ninayo miwili tu), nikapiga magoti kuizoa pamoja na mchanga, kichwa wazi, watu wote wananitazama.

"Balozi, sukari yangu hiyo, nimempa mimi!" akasema Mama Fidelisi.

"Umempa ya nini?"

Nikisema, mkwe anajua. Nisiposema, napelekwa polisi na mtoto hanyweshwi. Nikasema. "Ya mtoto. Namnywesha maji tangu asubuhi, nesi kasema asipokojoa mpaka alasiri nimrudishe mbio, hajakojoa tangu jana, na alasiri ndiyo hii."

"Umempa maji?" Bi Mwanahawa akainuka. "Kwa kunificha mimi?"

Sijafungua mdomo, Mzee Mbonde akaruka. "Yalaa! Kanikojolea!" Shati la chama limelowa mpaka mkandani, na mimi, papo hapo magotini, mikono imejaa mchanga, nikapiga kigelegele. Naam, cha mkojo! Mama Fidelisi akakipokea, wanawake wakapokea, ua mzima kama tunaoza mwari, na balozi kanyoosha mikono, Zaituni ananing'inia.

"Mnanishangilia kwa kukojolewa?"

"Tunamshangilia mjukuu wangu," akasema Bi Mwanahawa, akampokea mtoto. "Wewe Tatu, acha kelele, lete hicho kijiko."

Akamnywesha mwenyewe. Siku ya nne baada ya mkutano ule tumbo likafunga, na tangu hapo mtaani kwetu ole wake amnyimaye maji mtoto anayeharisha, Bi Mwanahawa alikuwa anamfuata mpaka mlangoni na bilauri mkononi.

Mimi niliapa, dawa ya mtoto siifichi tena, hata mkwe anune mwaka mzima. Kama kuna wa mtaa ule anasoma haya, na pengine shati halikuwa la chama, au Mama Fidelisi alikuwa wa chumba cha tatu, anisahihishe, nimezeeka. Ila kwamba alikojoa, hapo hapana, hapo msinisahihishe.