Kompyuta Iliyoogopa Jumapili

Mechi ilikuwa dakika ya themanini na moja, bao moja kwa moja, na kaka yangu alikuwa amekwisha kumpita beki wa mwisho, kompyuta ilipoganda. Mchezaji wake alibaki na mguu mmoja juu, mpira ukabaki hewani, na sebule yetu pale mtaani Rwambuzi, mjini Bunia, ikalipuka kwa kicheko. Picha iliporudi, mpira haukuwa kwake tena. Ulikuwa kwa mpinzani, na mpinzani alikuwa mbele ya lango letu.

Ilikuwa Jumapili ya nne mfululizo.

Mpinzani huyo ni motari wa mtaa wa Saio, kijana anayebeba abiria kwa pikipiki wiki nzima na kuja kwetu kila Jumapili baada ya misa. Alifunga bao lake bila haya, akaweka maneti, kile kidude cha kuchezea, mezani.

"Bao ni bao," alisema. "Lakini siye hatuwezi kuendelea hivi. Hii masini yenu iko mugonjwa. Mimi niko na yangu ya mupya kule Saio. Ninabapatia Jumapili mbili. Kama haijapona, tunahamia kwangu."

Wengine watano waliokuwa kwenye benchi hawakupinga. Kaka yangu alicheka. "Uko na masini mupya na miguu ya zamani. Bado utapigwa kulekule."

Alicheka, lakini mimi namjua. Miaka mitatu iliyopita alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Bogoro, na tangu siku hiyo miguu yake haimbebi. Kiti chake cha magurudumu kinaweza ua wetu na njia mpaka kwa muuza mkate. Mawe na mifereji ya kwenda Saio hakiyawezi. Mara moja tulimpakia kwenye pikipiki kwenda hospitali, amebanwa katikati ya watu wawili, na aliporudi alisema heri angekuwa mfuko wa mihogo, maana mfuko hauulizwi kila dakika kama umechoka. Hakupanda tena.

Wale wanaume sita wa Jumapili hawamwonei huruma. Wanamtukana kama walivyomtukana alipokuwa akitembea, naye anawarudishia. Mechi zikihamia Saio, wangekuja kumsalimia Jumapili moja, mbili, wakiwa na sukari na sabuni mkononi kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Halafu wasingekuja tena. Kaka alilijua hilo, nami nililijua.

Kompyuta ilikuwa yangu. Niliinunua kwa ofisi moja iliyokuwa ikifunga na kuuza samani, nikaiongezea kadi ndogo ya grafiki iliyokwisha kutumika, ile sehemu inayochora picha za mchezo. Sasa nilikuwa na dola sabini za kuifufua. Nilizipata kwa kuzunguka vijijini na tableti, nikiwauliza watu maswali ya shirika fulani: mnachota maji wapi, jana mlikula mara ngapi. Ndiyo kazi tunayoipata wengi wetu tuliomaliza chuo hapa Bunia.

Dola sabini hazitengenezi kila kitu, na washukiwa walikuwa wanne. Kadi ya grafiki, kwa kuwa ilikuwa dhaifu. RAM, ile meza ambayo juu yake kompyuta hutandaza kazi zake, maana nilikuwa na bareti moja tu, yaani kipande kimoja cha RAM. Diski, ambayo ilikuwa kuukuu. Na kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, ambacho sikukijua umri wake. Nilifanya nilichofundishwa kufanya, nikauliza watu. Niliuliza wanane, wengine marafiki wa chuo, wengine wacheza michezo wa mtaani. Wote wanane walijibu kadi ya grafiki.

Hapo nilipaswa kushtuka. Kazi ya tableti imenifunza kwamba kijiji kizima kikitoa jibu moja, unarudi kulichunguza swali. Mimi nilikuwa nimeuliza, "Ungekuwa na dola sabini, ungenunua nini?" Wao walinijibu kuhusu tamaa zao. Mimi nikayachukua majibu hayo kama vipimo vya kompyuta yangu. Na niseme ukweli wote: hata mimi niliitaka ile kadi. Kulikuwa na mchezo mmoja wenye milima na mito ambao kompyuta yangu ilikataa hata kuufungua. Mtu anayejisifu kwamba anahoji kila kitu huwa mpole sana kwa jibu linalompendeza.

Jumatatu asubuhi niliandika jina la kadi kwenye karatasi, nikaipeleka kwa mama mmoja mfanyabiashara wa mtaani kwetu. Alihamia hapa na familia yake kutoka Butembo. Kila mwezi huvuka mpaka kwa njia ya Mahagi mpaka Kampala, na kurudi na vitenge, simu, na chochote ulichomtuma. Kwake hakuna kurudisha. Kitu kikishavuka mpaka ni chako, kifanye kazi kisifanye.

Alisoma karatasi akiwa amesimama, huku akifunga mizigo.

"Ni nini hii?"

"Kadi ya grafiki, Mama. Ya masini ya michezo."

"Ile yenu imekufa?"

"Haijakufa. Iko nachoka tu."

"Nani alikuambia ni yenyewe iko nachoka?"

"Batu munane, Mama."

"Bote munane balifungua iyo masini bakaangalia ndani?"

Hakuna hata mmoja aliyeifungua.

"Sikia, binti. Kuko mutu mumoja alinituma pompe ya jenereta. Nimebeba ile chuma toka Kampala, mugongo imenikata. Kufika hapa, kumbe tangi haikukuwa na mafuta!" Alicheka mpaka akaketi juu ya mzigo. "Mimi ninaondoka kesho asubuhi sana. Leo jioni pita tena na karatasi yako. Kama ingali ileile, nitaibeba."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwauliza walimu, mapadre na wakubwa wa ofisi, "Juu ya nini?" Kwetu ndiyo kusema "kwa nini?" Nyumbani wananiita Mama Juu ya Nini. Swali moja lililokuwa langu kabisa limeulizwa na mtu anayefunga vitenge.

Nikaanza kupima. Niliweka kwenye kona ya skrini programu ndogo inayoonyesha joto la kompyuta na kiasi cha RAM kinachotumika. Nikapunguza ubora wa picha: kama kadi ndiyo mkosaji, kompyuta ingepumua. Nikaupandisha tena mpaka juu, ili igande niione inavyoganda. Haikuganda. Saa moja, saa mbili, mpira unakwenda kama maji. Nilikuwa na mgonjwa anayeugua Jumapili tu.

Kaka alikuwa kando yangu, maneti mapajani.

"Masini yako inaogopa Jumapili," alisema. "Ni mukristo kukupita weye."

"Yaya, acha mchezo," nilisema; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Jumapili kuko nini yenye haiko leo?"

"Batu. Makelele. Harufu ya soksi ya yule wa Saio."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. "Basi tufanye Jumapili."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kila kitu."

Alipaza sauti kuelekea jikoni. "Mama! Leo ni Jumapili!"

Mama alitokea na majani ya sombe, kisamvu chetu, mkononi. "Weye umepoteza akili?"

"Si mimi. Ni Mama Juu ya Nini. Anataka Jumapili, tena na benchi."

Tulileta benchi. Tulifunga dirisha la barabarani, kama tunavyofanya ili jua lisipige skrini. Tuliwasha redio na tukamwita jirani mmoja aje acheze na kaka. Nikawasha hata kile kifaa cha kurekodi mechi, maana kaka hurekodi kila mchezo ili aweze kuwarudishia wenzake mabao yao ya aibu. Dakika ishirini zikapita. RAM ilijaa karibu yote, na picha ilisitasita kidogo kila kurekodi kulipokuwa kuzito. Nikaliandika hilo. Lakini kusitasita si kuganda.

Kisha Mama akatoka chumbani na vitambaa.

"Kama ni Jumapili, ikuwe Jumapili," alisema.

Ni vitambaa vyake vizito vya kudarizi, vilivyokazwa kwa wanga wa mihogo. Siku za wiki hulala sandukuni. Jumapili hutandikwa juu ya viti, juu ya televisheni, juu ya kila kitu chenye uso wa juu. Alivishona kando ya kitanda cha hospitali, miezi ile kaka alipolazwa. Alitandika viti kimoja kimoja, akanyoosha kitambaa cha televisheni, na kile kikubwa chenye maua mekundu akakiweka juu ya kompyuta, akakishusha pembe zote mpaka zikalingana.

Mimi sikumtazama hata kidogo. Nilikuwa nikitazama namba kwenye kona. Sitini na moja. Sitini na nane. Nikadhani ni redio, kana kwamba redio inapasha kompyuta joto. Themanini. Tisini. Tisini na saba.

Ikaganda.

Kaka akageuka polepole, akakitazama kile kitambaa. Nami nikakitazama. Juu ya kompyuta ile, chini ya maua mekundu, ndipo yalipo matundu inapotolea joto. Nilikipita kitambaa hicho kila Jumapili kwa miezi, mimi mwenye digrii, na sikukiuliza chochote, kwa sababu kilikuwa cha Mama na kilikuwa hapo siku zote.

"Munaangalia nini?" Mama aliuliza.

Nilinyanyua kitambaa. Tulikaa tukiangalia namba zikishuka, themanini na tano, sabini na sita, na mchezaji wa kaka akamalizia hatua yake.

"Kitambaa yangu ndiyo iko naua masini?"

"Haiko naua, Mama," kaka alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Ulikuwa unaifunika isisikie baridi."

Mama hakucheka. Alikikunja kitambaa mara nne, akarudi nacho chumbani, na sombe ya siku ile ilikuwa na chumvi nyingi.

Jioni nilikaa na kalamu na karatasi mpya. Ungedhani sasa uamuzi ulikuwa rahisi. Haukuwa. Dola sabini zilikuwa bado dola sabini, ugonjwa mkubwa umepona bure, na hakuna ambaye angenizuia kuiandika ile kadi. Milima na mito ilikuwa inaniita. Nilijiuliza nimeona nini kwa macho yangu mchana ule. Niliona joto. Niliona RAM imejaa. Kadi sikuiona ikishindwa hata mara moja. Tena nilipoifungua kompyuta niligundua jambo ambalo hakuna hata mmoja wa wale wanane aliyelitaja: kadi niliyoitaka inakula umeme kuliko kisanduku cha kompyuta ya ofisi kinavyoweza kutoa. Ningenunua kadi, kisha ningehitaji kununua kisanduku.

Niliandika: bareti moja ya RAM, inayolingana na ile niliyonayo. Na bomba dogo la ile dawa nzito inayopitisha joto, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama tope la kiangazi, ndiyo sababu kitambaa kilichovumilika kwa miezi kiliishinda kompyuta majuma haya manne. Hiyo ilikuwa chini ya nusu ya fedha zangu.

Mama mfanyabiashara alisoma. "Mbona imekuwa kidogo?"

"Tangi haikukuwa na mafuta, Mama."

Alinipiga begani kwa furaha, akaitia karatasi kifuani.

Jumapili iliyofuata tulicheza bila kitambaa. Haikuganda. Ilisitasita mara mbili mwishoni, kaka akiwa anarekodi, na motari wa Saio akanyoosha kidole. "Imebaki moja."

Mzigo wangu ulifika Ijumaa ya pili, umeviringishwa ndani ya kitenge ili usivunjike. Jumamosi nilipaka dawa, nikachomeka bareti, nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi, mashine ikalia mlio mmoja mrefu. Kaka akaniambia, kwa sauti ambayo haikuwa na utani wowote, "Itoe. Uiweke tena. Polepole." Nilisugua meno ya dhahabu ya bareti kwa gomu la shule, lile la kufutia penseli, nikairudisha, nikaikandamiza mpaka pande zote mbili zikabana. Ikawaka. Kaka alininyooshea ngumi, tukagonganisha.

Jumapili benchi lilijaa. Mama alitandika viti, akatandika televisheni, kisha akasimama mbele ya kompyuta na kitambaa cha maua mekundu mikononi, bila pa kukiweka. Alitazama huku na huku. Kofia ya pikipiki ya motari wa Saio ilikuwa mezani, imejaa vumbi. Mama aliifunika, akazilinganisha pembe.

"Ee, Mama, umenipamba!" motari alisema.

"Kofia haina moto," Mama alijibu, akaenda zake.

Walicheza mechi nzima. Kaka alirekodi tangu mwanzo. Mpira haukusita hata mara moja, namba ya joto haikupita sabini na nne, na kaka yangu alipigwa mabao matatu kwa moja, mabao safi, yasiyo na kisingizio.

"Leo sema basi," motari alimwambia. "Masini imefanya nini?"

"Masini imepona," kaka alisema. "Leo ni mimi nilikuwa mubaya. Jumapili ijayo nitakurudishia."

"Wapi?"

Motari alitazama kompyuta, akawatazama wenzake, akaivua kofia yake ule mpambo, akamrudishia Mama kwa mikono miwili.

"Hapa hapa," alisema. "Lakini nitakuja na kiti yangu. Iyi benchi yenu inanikata matako."

Jumapili moja si ushahidi, nilimwambia kaka walipoondoka. Tungehitaji angalau kumi. Yeye alikuwa tayari ameirudisha rekodi nyuma, anatazama bao la pili alivyofungwa, akitafuta kosa lake.

"Basi tuhesabu," alisema. "Keti. Hii ni ya kwanza."