Fundi Kitovu na Mkanda wa Watoto Njiti

Saa moja na nusu asubuhi, mama wa miaka hamsini na minne amefumba macho mbele ya cherehani. Hajalala. Anapitisha mkanda mwembamba wa pamba juu ya kope zake, taratibu, akiutafuta mshono unaokwaruza. Akiupata, anaufumua.

“Ngozi ya mtoto njiti ni laini kuliko hii,” anasema. “Jicho langu likikataa, na yeye atakataa.”

Chumba hiki kilikuwa stoo ya viti, nyuma ya karakana ya chuo kikuu. Sasa ndimo utafiti wa miaka sita unamogeuzwa bidhaa: mkanda wenye kidude kama kifungo, kinacholia mwili wa kichanga unapoanza kupoa. Anashona sita kwa siku. Zamani alikuwa akishona makoti ya maabara na kufupisha majoho ya mahafali.

Hapa chuoni wote humwita Fundi Kitovu, na jina hilo alilipata kwa haki.

Mwaka juzi wahandisi walimpa kazi ya kushona mikanda kumi. Mfano wake walikuwa wameupima miezi minane juu ya mwanasesere wa plastiki. Fundi alimgeuza mwanasesere huyo, akamtazama tumbo, akacheka mpaka akakaa chini.

“Wanangu, huyu kazaliwa na nani? Mbona hana kitovu?”

Mkanda ulipita palepale ambapo kitovu cha kichanga huwa bado kibichi.

“Tulikuwa na hesabu zote, mtoto ndiye tuliyemsahau,” anakiri mkuu wa utafiti, kijana anayemwita Mama.

“Msiwacheke,” anaingilia fundi, huku yeye mwenyewe akicheka. “Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimelea wanne.” Alichukua mkasi, akaukata mkanda umbo la nusu mwezi. Ndivyo unavyoshonwa hadi leo.

Vichanga arobaini wameshauvaa katika wodi moja ya majaribio, na hakuna aliyechubuka. Lakini bila kibali cha kuuzwa, hospitali nyingine haziwezi kuupata.

Kwake, kibali hicho si makaratasi tu. Binti yake, kitinda mimba, ana ujauzito wa miezi sita. Mtoto wa kwanza wa binti huyo alizaliwa kwa miezi saba, kilo moja na gramu mia mbili. Siku ya nne alipoa polepole kando ya mama yake aliyekuwa amesinzia kwa uchovu. Mtoto hakuamka tena.

“Binti yangu anajilaumu mpaka kesho. Namwambia, mwanangu, usingizi si kosa. Hakukuwa na kitu cha kukuamsha.”

Ninamuuliza kwa nini asimpelekee binti mkanda mmoja kimyakimya. Anaweka mkasi mezani.

“Usidhani sijawaza. Siku moja niliutia mfukoni, nikafika nao mlangoni, nikarudi. Kitanda cha pili wodini kuna binti wa mtu. Yeye nani ataiba kwa ajili yake?”

Majibu ya kibali yanatarajiwa mwezi ujao. Yakiwa mema, atafundisha mafundi watatu. Mkuu wa utafiti alipotaka kumwongezea mshahara, aliomba kitu kingine: boksi la kwanza liende hospitali atakayojifungulia binti yake.

“Nataka aukute wodini, unamngoja,” anasema, akiokota mkanda mwingine. “Na wa kitanda cha pili uwe pale pia.”

Kisha anafumba macho, anaupandisha kwenye kope.