Majani ya Mama Lin

Tangu wazazi wetu wafariki, mimi ndiye mkubwa nyumbani. Shule niliiacha mapema ili niwalee wadogo zangu, Amani na Zawadi, na hapa kwetu ughaibuni, mtaani Toongabbie, neno langu kuhusu afya halipingwi. Ndiyo maana aibu hii ni yangu peke yangu.

Wakati wa korona, jirani yetu Mchina, Mama Lin, alinipitishia juu ya uzio furushi la majani makavu, marefu. Zawadi alikuwa akikohoa kando yangu.

"Yachemshe vizuri," alisema ndani ya barakoa. "Nitakuja jioni."

Nikajua ni dawa. Kumbe hata Wachina wanajifukiza kama sisi! Nikayachemsha, nikaongeza tangawizi na dawa ya kupaka kifuani, kisha nikawaingiza wadogo zangu chini ya blanketi pamoja nami.

"Dada, naungua!" Amani alilia.

"Vuta! Kinachoungua ni ugonjwa."

Mama Lin akabisha hodi, akaingia na beseni la mchele uliolowekwa, pamoja na nyama. Alitukuta tunachuruzika jasho.

"Kesho ni sikukuu yetu," alisema polepole. "Nilitaka tufunge mchele huu pamoja kwa majani hayo, tuupike humo, na sina mengine. Mmetia nini humo?"

"Tangawizi kidogo tu," nikajibu upesi.

"Na dawa ya kifua, kopo zima!" akaropoka Zawadi.

Mama Lin alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Amani, lete karatasi ya foili," akasema.

Mimi nikarudi chini ya blanketi.