Tramu Aliyoingojea Kambo

Juzi kantini kwetu kazini, Sandton hapa Johannesburg, televisheni ilikuwa ikionyesha jinsi miji ya Amerika inavyorudisha tramu, zile treni ndogo za umeme zinazopita barabarani pamoja na magari. Wenzangu wakasema laiti nasi tungekuwa nazo. Mimi nikafunika chakula changu nikatoka nje. Rafiki yangu, kaa nikueleze kwa nini.

Nilikulia mtaa wa Bellevue, kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba, kila chumba na familia yake. Chetu kilikuwa cha watu wawili, mimi na mama yake mama, ambaye sisi watu wa Katanga tunamwita kambo. Alikaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo, kwenye kona iliyo karibu na taa za barabarani, robot kama tunavyoziita huku. Kando yake walikaa kina mama wenzake wa kanisani, Wakongo vilevile, wengine wakisuka nywele, wengine wakiuza dagaa na matembele. Kabla ya shule nilimsaidia kukanda unga hadi mikono ikaniuma, kisha nikala mikate ya kwanza kutoka kwenye mafuta huku nikipuliza vidole. Wasusi waliimba nyimbo za kwaya, Kambo akishika sauti ya pili, na mteja aliyekalia kreti la bia aliitikia hata kama ni Mzulu asiyejua maneno. Sijashiba tena kama nilivyokuwa nikishiba pale.

Mwaka 2016 barabara ilichimbuliwa ili mabomba ya maji yabadilishwe. Chini ya lami zikatokea reli zenye kutu, za tramu iliyokufa zamani sana, kabla hatujafika nchi hii. Kambo alifuta mikono kwenye kitenge, akainama akazishika. Ujue baba yake alikuwa fundi wa reli kule Kamina. Alilelewa kando ya stesheni, mahali ambapo treni ikifika mji mzima unakula, na isipofika watu wanalala njaa.

Wiki hiyohiyo akaja bwana mmoja mwenye kizibao kinachong'aa, ambaye mpaka leo hatujui alitumwa na nani. Akasema miji ya Amerika inarudisha tramu zake na Johannesburg nayo itarudisha, kwa hiyo wauzaji wahamie mtaa wa nyuma, ndiko stesheni itakakojengwa. Kina mama wakamcheka. Kambo hakucheka.

"Reli haidanganyake bantu," aliwaambia. "Kwetu Kamina, fasi reli inapita, bantu banakulaka."

Alimaanisha kwamba mahali reli inapopita, watu hula. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, wakamsikiliza. Wakahama wote.

Mtaa wa nyuma haukuwa na wapita njia. Mikate ilipoa kwenye beseni, tukaila wenyewe jioni na tena asubuhi. Mabomba yalipokwisha, reli zilikatwa vipandevipande zikapakiwa kwenye lori, lami ikamwagwa upya. Tuliporudi konani tukakuta kontena la spaza, yaani duka dogo la mtaani, na mwenyewe akatufukuza kama kuku. Bwana wa kizibao hakuonekana tena.

Hasira za kina mama zikamwishia Kambo. Kanisani walihama benchi lake.

"Mama, treni yako inafika saa ngapi?" walimuuliza mlangoni kila Jumapili, wakicheka, hadi akaacha kwenda.

Akabaki chumbani akiimba sauti ya pili peke yake, na sauti ya pili bila ya kwanza inachosha kuisikia. Alifariki 2019 akiwa bado anasema tramu itakuja. Kukiri kwamba haitakuja kulimshinda.

Leo pale konani wanauza vifuniko vya simu. Hakuna anayekaanga, hakuna anayeimba, na wengi wa kina mama wale wamehamia Rosettenville. Nilipata kuwaona wote pamoja mara moja tu baadaye, siku ya matanga yake. Walikuja na vitenge vya sare, wakamlilia kwa sauti kubwa. Niliwapakulia bukari, ugali wetu, na samaki, aliyetaka mchuzi nikamwongeza, na sijamsamehe hata mmoja.