Vijiji Vinne Nje ya Jedwali

Bupe alikuwa mtunza takwimu wa shirika dogo la afya huko Miyuji. Asubuhi hiyo dereva, Mzee Ebenezer, alikuwa ameshapakia masanduku ya chanjo, akisubiri orodha ya vijiji tu. Bupe akaendesha makro, zile amri alizoziandika mwenyewe kwenye Excel ili jedwali la muhtasari lijitengeneze. Jedwali likatoka bila kosa lolote, lakini kijiji alikozaliwa mama yake hakikuwemo.

Akarudia, na bado hakikuwemo. Akazisoma amri moja moja mpaka akagundua kwamba aliiagiza makro iishie mstari wa mia tano, na takwimu sasa zilifika mia sita na arobaini.

"Mwanangu, jua linapanda," Mzee Ebenezer aliita dirishani. "Chanjo hazingoji."

"Nivumilie kidogo, baba."

Akarekebisha, vijiji vinne vikajitokeza. Ndipo hofu yenyewe ikamshika, maana orodha ya mwezi uliopita ilitoka kwenye makro hiyo hiyo na iliviacha vijiji hivyo vinne, na hakuna aliyejua ila yeye. Akaenda kumweleza mkuu wake, Anitha.

Anitha akaitazama orodha mpya. "Kwa hiyo watoto wa huko hawakuchanjwa?"

"Ndiyo, dada. Kosa ni langu."

"Basi leo gari lianzie kwao. Na wewe panda, ukawaambie mama zao mwenyewe."

Bupe akapanda. Njia nzima alitafuta maneno ya kuanzia, na walipofika alikuwa hajayapata.