Mama Kioo na Sufuria Zilizogoma Kuzeeka

Saa tatu asubuhi, ndani ya ghala la forodha lenye baridi na harufu ya maboksi, mama wa miaka sitini na minne amepiga magoti sakafuni akisugua birika lisilo lake. Mikono ya sweta ameikunja hadi kwenye viwiko. Maofisa wawili wamesimama wakimtazama kwa uso wa watu walioshuhudia jambo na hawajui wamwite nani.

Nyuma yao mwanawe wa pekee, fundi wa lifti, anakagua dari. Dari haina tatizo lolote. Anatafuta tu mahali pa kuweka macho.

"Mama, tulipe twende," anasema kwa sauti ya chini.

"Tulipe nini? Niondolee kivuli chako hapo, sioni masizi."

Wanaomfahamu humwita Mama Kioo. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa shule ya bweni alikoosha vyombo vya jikoni kwa miaka thelathini na moja, baada ya kugundulika kwamba viranja walikuwa wakichania nywele mbele ya sufuria zake. Na sufuria zenyewe hazikuwa za mzaha. Mtoro mwenye mwili wa wastani angeweza kuingia, akafunikwa, na kipindi cha hesabu kikapita salama.

"Nilimtoa mmoja, mrefu kama mlingoti," anakumbuka. "Siku hizi nasikia ni hakimu. Sijui anawahukumuje wanaojificha."

Alipostaafu alibaki na pensheni ndogo, chumba cha kupanga, na mwana aliyehamia nchi nyingine kutengeneza lifti za watu. Nchi hiyo ina utaratibu wa kuwapokea wazazi wastaafu wanaowafuata watoto wao. Pensheni yao haikatwi kodi. Basi wanapanda bure, kliniki wanatibiwa kama wenyeji. Tena mzazi anaruhusiwa kuingiza vyombo vyake vya nyumbani bila ushuru, mara moja tu, mradi viwe vimetumika mwaka mmoja au zaidi.

Mwanawe alimweleza hayo yote kwa simu. Kisha mkewe akaipokea simu na kusema, kwa upendo usio na kasoro, "Mama, usijichoshe na mizigo. Jikoni kwetu kila kitu kipo."

"Kwetu," Mama Kioo analirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Mkwe wangu hana baya hata kidogo. Ila sufuria ya mtu unaipikia kwa kuomba, na ikiungua unasamehewa. Mimi nimeosha vyombo vya wengine maisha yangu yote. Nimezeeka sasa, nataka kupikia changu."

Akaamua kuhama na jiko lake lote: sufuria sita, kikaango, masinia na vikombe.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingekuwa na nguvu za kulifanya. Mzazi wa kawaida angefunga vyombo na masizi yake, akaondoka zake. Mama Kioo hakuweza. Mama wa fundi mzima wa lifti aingie ugenini na sufuria nyeusi, watu waseme nini? Kwa wiki tatu alisugua kwa majivu na ndimu. Akabadilisha vishikio vya vifuniko. Kila sufuria akaipanga ndani ya kubwa yake, karatasi laini katikati, kama dukani.

Sanduku lilipofika, ofisa wa forodha, kijana wa miwani mwenye subira nyingi, alilifungua, akazipanga sufuria mezani, akakutana na uso wake mwenyewe mara sita.

"Mama, hizi ni mpya," alisema.

"Mwanangu, hiyo kubwa imekuzidi umri."

"Basi naomba risiti."

"Risiti ya sufuria? Hayo makalio ya suruali yako yameshaanza kung'aa kwa kukalia. Na wewe nikikuomba risiti yake, unayo?"

Ofisa wa pili alipatwa na kikohozi cha ghafla, akageukia ukutani.

Kijana wa miwani hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba wapo wafanyabiashara wanaowatumia wazazi wao kupitisha bidhaa, na kwamba yeye huandika anachokiona. Alichokiona ni seti mpya. Ushuru wake ulikuwa sawa na pensheni ya Mama Kioo ya miezi saba. Asipolipa, sanduku linabaki ghalani, na nafuu ile ya mara moja inakuwa imekwenda na maji.

Mwanawe akatoa pochi. Mama akamrudishia pochi mfukoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikilipa nimekiri kwamba mimi ni mwongo," alimwambia. "Mwongo, halafu mchuuzi."

Kisha akatazama huku na huku, na juu ya meza ya maofisa akaliona birika. Lilikuwa jeusi kwa namna ambayo hata rangi yake ya kwanza ilikuwa imebaki kuwa tetesi.

"Hilo la nani?"

"La ofisi," alijibu kijana. "Nililikuta."

"Niazime."

Ndivyo alivyofika hapo sakafuni. Kwenye mkoba wake, mahali ambapo wenzake huweka dawa ya kichwa, alikuwa na bonge la uzi wa chuma limefungwa kwenye leso. Sabuni ameiomba chooni. Chumvi ni ile ambayo maofisa walikuwa wakinyunyizia mayai yao. Mchanga ameuchota kwenye ndoo ya kuzimia moto na kuuchekecha kwa kitambaa chake cha kichwa, huku kijana wa miwani akijiuliza kama hilo nalo ni kosa.

Anasugua. Masizi yanateremka kama wino. Kwanza linatokea shavu moja la birika, kisha la pili, kisha mdomo. Hakuna anayezungumza tena kuhusu ushuru. Ofisa wa pili amechuchumaa ili aone vizuri.

Birika linasuuzwa, linafutwa, linawekwa mezani kando ya zile sufuria sita. Mama Kioo hajafungua kinywa bado, na mlango unafunguliwa. Anaingia mkuu wa ghala, mwanamke wa makamo ambaye funguo zake husikika kabla yake.

Anasimama. Anatazama meza.

"Nani ameidhinisha birika jipya?"

Ofisa wa pili anainuka haraka kutoka alipochuchumaa.

"Nimesema mara ngapi, manunuzi yote yapitie kwangu? La zamani mmelitupa wapi?"

Kijana anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. "Mkuu, hili ndilo la zamani."

Mkuu analinyanyua, analipindua. Kitakoni imechongwa namba ya ofisi, ambayo haijaonwa na mtu tangu yeye alipoanza kazi. Anaitazama kwa muda. Kisha anamtazama mama aliyelowa hadi kwenye viwiko, na zile sufuria.

"Na hizi?"

"Ndizo tulizokuwa tunajadili kama zimetumika."

"Mmeshajadili," anasema mkuu. "Gonga muhuri."

Muhuri unagongwa. Fundi wa lifti, ambaye macho yake yalikuwa yameshahama darini hadi sakafuni, anabeba sanduku la mama yake begani na kutoka nalo kifua mbele, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Siku mbili baadaye Mama Kioo yuko chumbani kwake nyuma ya nyumba ya mwanawe, chumba chenye mlango wake na jiko la gesi la mafiga mawili. Maofisa wameshatuma ujumbe kuuliza kama angewasugulia na vikombe vyao. Amewajibu kwamba kibali cha wastaafu hakiruhusu ajira, na hata kingeruhusu, yeye amestaafu.

Mkwe wake amekuja kuona. Amesimama mlangoni, macho kwenye rafu ya sufuria.

"Mama, hiyo ya tatu unaweza kuniazima?"

"Nitafikiria," anajibu Mama Kioo, na ni wazi kwamba sentensi hiyo amekuwa akiingoja maisha yake yote.

Mpango wake ni wa Jumapili. Atawaalika mwanawe na mkewe. Wapige hodi kama wageni wengine, waingie, wakae.

"Wakishakula, asiinuke mtu kwenda kwenye karo," anasema. "Vyombo ni vyangu. Nitaosha mwenyewe."