Siku Nilipopuliza Jiko la Gesi ya Mavi

Jamani, hii habari kijijini kwetu Nambis watu wote wanaijua, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia wifi yangu, maana yeye anaitia chumvi.

Walikuja watu wa mradi wakasema mavi ya ng'ombe ukiyavundika kwenye tangi, halafu mtambo wao ukafanya mambo yake (nilielezwa, nikaitikia, sikuelewa), inatoka gesi inaitwa hidrojeni, unapikia, na haina moshi hata kidogo. Mimi nilishika hapo pa moshi tu. Macho yangu yameharibika kwa kuni, na kuni zenyewe siku hizi ziko mbali. Tatizo lilikuwa baba mkwe. Mavi yote ya zizini ni yake, ndiyo mbolea ya mahindi yake, akasema anatoa ya kujaribia tu, na siku ya kuwasha asipoona moto, mavi yanarudi shambani na mimi narudi porini kwenye kuni.

Siku ikafika, wageni wengi, wengine wametoka mjini kabisa, nikaona nisiaibishe ukoo, nikaazima wigi la wifi, refu la kufika mabegani (hapo ndipo nilipoharibu). Dada mtaalamu wa mradi anaeleza, mimi nahangaika na wigi linateleza, mara nasikia, "Tayari limewaka, karibu mama uweke sufuria."

Nikaangalia jiko. Hakuna moto, hakuna moshi, hakuna chochote. Nikamwangalia baba mkwe, naye ananiangalia mimi.

"Moto uko wapi?" akauliza.

Nikachanganyikiwa kabisa, na mtu akichanganyikiwa mikono inafanya inachokijua, basi nikapiga magoti, nikainama, nikapuliza, kama ninavyopuliza mafiga kila asubuhi.

Nikasikia harufu ya plastiki, nikajiuliza nani anachoma takataka mbele ya wageni. Dada mtaalamu akapiga kelele, "Mama unaungua!" nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo mama anayeungua.

Sasa baba mkwe alikuwa na kibuyu cha maziwa, alikuja nacho ili alinyunyizie jiko baraka, kama tunavyofanya kwa kitu kipya nyumbani. Akanimwagia kichwani, wigi likazimika. Wageni, maskini, wakadhani ndiyo mila yetu, wakapiga makofi, na mzee mmoja mwenye tai akavua kofia, akapiga magoti pembeni yangu, akainamisha kichwa kusubiri zamu yake. Baba mkwe hawezi kumnyima mgeni. Akatikisa kibuyu, akammiminia yaliyobaki. Mimi nimepiga magoti pale, nyusi zimebaki nusu, sijui nilie au niseme asante.

Ndipo dada akarudia kwa upole kwamba moto wa gesi ile mchana hauonekani kwa macho. Baba mkwe akachukua unyasi, akausogeza pale juu, ukawaka papo hapo. Akautupa chini, akaukanyaga.

"Haya," akasema. "Mavi chukueni."

Nikalia sana, mpaka leo sijui ilikuwa furaha au aibu.

Sasa napika bila moshi na macho yanapona, ila kabla ya kuweka sufuria nasimama mbali, nanyoosha mkono wenye unyasi mrefu nione kama moto upo. Na nimeapa sipulizi tena kitu maisha yangu yote. Hata chai ikiwa ya moto, naiacha ipoe yenyewe.